Usibishane na asilimia: hadithi ya forodha kutoka Unguja hadi Simba

Leo naomba tuweke msimbo kando kidogo. Najua niliahidi kuendelea na somo la kanzidata, na nitalirudia. Lakini wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Nikiagiza kitu ng'ambo, nitalipa ushuru kiasi gani?" Nikaanza kujibu kwa tarakimu, halafu nikagundua kwamba tarakimu peke yake haisaidii. Kuna historia nyuma yake. Hivyo vuta kiti, nianze na kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2007 nilipata kazi ya kufunga kamera nne za ulinzi katika duka moja la jumla. Nilikuwa bado mgeni katika biashara hii ya kompyuta, na mwenye duka alikuwa mteja wangu wa tatu maishani. Kamera nilizozitaka sikuzipata Nairobi kwa bei ya maana, basi nikaziagiza Marekani kupitia mtandao. Zilinigharimu dola 180 pamoja na nauli. Mimi ni mtu wa hesabu, kwa hivyo nilipiga hesabu ya ushuru kabla ya kumpa mteja bei yangu. Ukiacha ada ndogondogo, ilikuwa hivi:

Thamani: dola 180
Ushuru wa forodha, asilimia 25: dola 45
Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 ya 225: dola 36
Jumla ya kodi: dola 81

(Umeona kodi ya pili inatozwa juu ya thamani pamoja na ushuru? Ndiyo, ni kodi juu ya kodi. Haijabadilika hadi leo.)

Nikampa mteja bei, tukakubaliana, akanipa malipo ya awali. Kifurushi kikafika. Nikaenda kukichukua kwenye kaunta moja jijini nikiwa na risiti yangu niliyoichapisha vizuri kabisa. Karani akaitazama, akaisukuma pembeni. "Hii ni karatasi ya mtandao tu," akasema. "Hii kitu ni dola mia nne." Nikamuuliza mia nne ameitoa wapi. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana, kisha akaandika.

Thamani: dola 400
Ushuru wa forodha, asilimia 25: dola 100
Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 ya 500: dola 80
Jumla ya kodi: dola 180

Yaani kodi ikawa sawasawa na bei ya kamera zenyewe! Asilimia hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni mstari wa kwanza tu. Nililipa, kwa sababu mteja alikuwa ananingoja, na tofauti ile ilitoka kwenye pesa zangu za nyumba. Mwezi huo nilijificha mwenye nyumba kama mwizi.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Mombasa kwa kazi nyingine, nikamsimulia kisa hicho mzee mmoja aliyekuwa wakala wa forodha tangu enzi za karatasi. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kijana wangu," akasema, "wewe ulikwenda pale na hesabu ya asilimia. Asilimia iko kwenye sheria, haina ubishi. Usibishane na asilimia. Bishana na bei." Nikamjibu, "Sasa mzee wangu, nitabishana vipi na mtu mwenye muhuri?" Akasema, "Hilo ndilo swali."

Swali hilo limenikaa kichwani miaka yote hii. Nimesoma mengi tangu hapo, na nimeona kwamba pwani yetu imekuwa ikijiuliza jambo hilo hilo kwa karibu miaka 200. Tuanze mwanzo.

MANENO YENYEWE

Neno "ushuru" tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni "sehemu moja ya kumi". Neno "forodha" nalo limetoka huko huko, na maana yake ni mahali pa bandarini ambapo vyombo hupakua na kulipia mizigo. Ukienda Unguja ukala urojo pale Forodhani, kumbuka kwamba jina hilo ni la kazi iliyofanyika ufukweni hapo.

Ila Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, hakutoza sehemu moja ya kumi kwa mizigo ya wageni. Alitoza nusu yake, yaani asilimia 5. Kiwango hicho kiliandikwa katika mkataba na Marekani mwaka 1833, uliojadiliwa na mjumbe wao Edmund Roberts, kisha katika mkataba na Uingereza mwaka 1839, na mwingine na Ufaransa mwaka 1844. Kitambaa cheupe kisichotiwa rangi kilichotoka viwanda vya Massachusetts kiliingia kwa wingi mno hadi watu wakakiita "merikani", na jina hilo tunalo mpaka leo.

Asilimia 5! Wengine mtasema hiyo ilikuwa pepo ya wafanyabiashara. Subirini.

KIFUNGU AMBACHO KINGENISAIDIA

Mkataba wa 1839 na Uingereza una kifungu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama kitini. Waliouandika walijua kabisa kwamba ugomvi hautakuwa juu ya asilimia. Utakuwa juu ya bei. Kwa hivyo waliweka utaratibu, na mimi kama mwanaprogramu naweza kuuandika hatua kwa hatua:

1. Mfanyabiashara Mwingereza na mkuu wa forodha wasipokubaliana juu ya thamani ya mzigo, mkuu wa forodha anaweza kudai sehemu moja ya ishirini ya mzigo wenyewe badala ya pesa.
2. Akishaichukua, hana haki ya kudai zaidi kwa sehemu kumi na tisa zilizobaki.
3. Kama hataki kuchukua bidhaa, au kama mzigo haugawanyiki, kila upande unachagua mtu mmoja mwenye ujuzi, nao wawili wanakadiria thamani.
4. Hao wawili wakitofautiana, wanamteua msuluhishi, na neno lake ni la mwisho.

Angalia akili iliyomo katika hatua ya kwanza. Sehemu moja ya ishirini ndiyo asilimia 5. Ukichukua mtumba mmoja wa merikani katika kila mitumba ishirini, huhitaji kabisa kujua bei! Ugomvi unakufa papo hapo. Na pale ambapo haiwezekani (huwezi kukata saa ya ukutani vipande ishirini), karani hakadirii peke yake.

Mimi mwaka 2007 kwenye kaunta ile sikuchaguliwa mkadiriaji wala msuluhishi. Au ndivyo nilivyodhani. Nitarudi hapo.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Soma tena hatua ya kwanza: mfanyabiashara Mwingereza. Haki ile iliandikwa kwa ajili ya raia wa dola yenye manowari. Mkataba huo huo uliuacha ukanda wa Mrima, kutoka Mtangata hadi Kilwa, kuwa eneo ambalo wageni hawakuruhusiwa kufanya biashara ya pembe na sandarusi. Pembe zilizotoka bara kupitia huko zilitozwa kwa viwango vyake, vilivyotofautiana kulingana na zilikotoka. Mnyamwezi aliyebeba pembe mabegani kwa miezi mitatu hadi Bagamoyo hakuwa na kifungu chochote cha kumtetea. Aliambiwa kiasi, akatoa.

MWENYE DAFTARI

Sasa, huyo mkuu wa forodha alikuwa nani? Hapa ndipo mambo yanapopendeza.

Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha. Mfanyabiashara aliahidi kumlipa Sultani kiasi fulani kila mwaka, kisha yeye akakusanya kwa faida yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1830, mkodishaji alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara Mbhatia mwenye asili ya Kutch, Uhindi. Nyumba yake ya biashara iliishika forodha kwa takriban miaka 40. Kufikia mwaka 1859 kodi hiyo ilikuwa karibu riale 200,000 kwa mwaka.

Fikiria mfumo huu kama wewe ni mtu wa programu. Mtu mmoja ndiye anayekadiria bei ya mizigo ya wenzake, ndiye anayeandika daftari, na yeye mwenyewe ni mfanyabiashara mkubwa kuliko wote kisiwani. Mwaka 1837 Marekani ikamleta konsuli wake wa kwanza, Richard Waters kutoka Salem, naye pia alikuwa mfanyabiashara. Waters na Jairam wakashirikiana. Konsuli wa kutetea wafanyabiashara wa Marekani, na mkuu wa forodha wa kuwatoza, wakawa marafiki wa biashara! Wamarekani wengine walilalamika, na walikuwa na sababu.

Na Sultani je? Daftari halikuwa lake. Alipohitaji pesa alikopa kwa huyo huyo aliyemkodisha, na deni likaandikwa katika vitabu vya huyo huyo. Mpaka watoto wa Seyyid Said waliomfuata kwenye kiti walijikuta wanadaiwa na forodha yao wenyewe. Mwaka 1876 forodha ikahamia kwa Taria Topan, tajiri yule aliyemkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara yake.

Kuna jambo moja zaidi siwezi kuliruka. Katika daftari hilo, pamoja na merikani, pembe, karafuu na sandarusi, waliandikwa watu. Kila mtumwa aliyeingizwa Unguja alilipiwa ushuru kwa kichwa, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini na kufunga masoko yake. Ninaposikia mtu akisema forodha ni hesabu tu, hukumbuka hilo. Daftari huandika kile ambacho mwenye kalamu amekubali kukiita bidhaa.

KENYA INAINGIA

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Kenya ilianza na reli. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896. Lakini kabla ya reli kulikuwa na forodha. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash aliipa jumuiya ya William Mackinnon haki ya kuendesha utawala na forodha katika pwani yake, kutoka Umba hadi Kipini, kwa miaka 50. Mwaka uliofuata jumuiya hiyo ikapata hati ya kifalme, ikawa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni ikashindwa kujiendesha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu.

Kwa maneno mengine, miongoni mwa karatasi za kwanza kabisa za hii nchi ni mkataba wa kukabidhi daftari la ushuru.

Mikataba ya kimataifa iliyotokana na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na ule wa Brussels wa 1890, ilizuia ushuru wa kuingiza bidhaa usizidi asilimia 10 katika eneo hili. Mwaka 1919 kizuizi hicho kikaondolewa, na ndipo ugomvi ukahamia kwenye jedwali lenyewe. Mwaka 1922 kamati iliyoongozwa na Charles Bowring, katibu wa koloni, ilipendekeza ulinzi kwa mazao ya walowezi, na miaka hiyo ngano, sukari, siagi na mbao za nje zikapandishiwa ushuru. Vifaa vya kilimo vya mlowezi viliingia kwa unafuu. Blanketi na nguo za Mwafrika zililipiwa.

Mama aliyenunua shuka dukani Murang'a au Kakamega hakuona karani wala kaunta. Ushuru ulikuwa umeshaingia ndani ya bei. Angebishana na nani? Mwenye duka naye alikuwa amelipa tu alichoambiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushuru mzito kuliko wote ni ule ambao mlipaji wake hajui kama ameulipa.

Majirani nao walikuwa na lao. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Mizigo ikashukia Mombasa, viwanda vikaota Nairobi, na wenzetu wakawa wanauliza: pesa zinazokusanywa pale zinagawanywa vipi, na kwa nini tununue bidhaa ghali ya Kenya ili kulinda kiwanda cha Kenya? Malalamiko hayo hayakuisha na uhuru. Yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoivunja Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

SIMBA ANGURUMA

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999. Umoja wa forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005 kwa jedwali moja la pamoja: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 likaongezwa daraja la nne, asilimia 35.

Mwaka huo huo wa 2005, mamlaka yetu ya ushuru, KRA, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilizindua mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba. Hapa wapenzi wa programu mtafurahi. Simba hakutoka Ulaya wala Marekani. Alitokana na mfumo wa forodha wa Senegali ulioitwa Gaindé. Na kwa Kiwolofu, gaindé ni simba! Programu iliyoandikwa Dakar ikavuka bara zima ikafika Mombasa, na jina likatafsiriwa pamoja nayo. Mzee wangu wa Mombasa alisema siku Simba alipoanza kazi, watu waliozoea kutembeza makaratasi kutoka meza hadi meza walisimama wakitazamana. Sasa wakala aliweza kuwasilisha maombi yake akiwa ofisini kwake. Baadaye Simba naye akastaafu, ukaja mfumo wa iCMS.

Je, Simba alimaliza ugomvi wa bei? Kamera zangu zilifika mwaka 2007, yeye akiwa na miaka miwili kazini. Jibu unalo. Programu hupiga asilimia bila kukosea hata senti, lakini sanduku la kwanza lililoandikwa "thamani" bado hujazwa na binadamu. Ukiingiza uongo, mashine itauzidisha kwa uaminifu mkubwa.

HAKI NILIYOKUWA NAYO BILA KUJUA

Sasa nirudi kule nilikoahidi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ukadiriaji wa thamani, wa mwaka 1994, unasema msingi wa thamani ni bei iliyolipwa kweli au inayopaswa kulipwa. Karani akiitilia shaka risiti, kuna njia nyingine zilizopangwa kwa zamu: bei ya bidhaa ile ile iliyoingizwa na mwingine, kisha ya bidhaa inayofanana nayo, na kuendelea. Bei iliyotoka kichwani mwa karani haimo katika orodha hiyo. Na kifungu cha 16 kinampa mwagizaji haki ya kupata maelezo kwa maandishi ya jinsi thamani ilivyofikiwa, mradi ameomba kwa maandishi. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyabeba mambo hayo, na kifungu cha 229 kinampa asiyeridhika siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya.

Yote hayo yalikuwa sheria siku niliposimama kwenye kaunta ile. Nilikuwa na haki inayofanana na ya yule Mwingereza wa 1839, na sikuhitaji manowari. Nilihitaji karatasi moja na kalamu. Nilichokosa ni kujua.

Basi kwa wale watatu walioniuliza, hili ndilo jibu langu. Viwango vyenyewe vipo wazi. Tafuta daraja la bidhaa yako, ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16, na kwa viwango vilivyotumika mwishoni mwa 2024 ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. (Ndiyo, reli tena! Tozo hiyo ilianza mwaka 2013 kwa ajili ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria hadi Nairobi mwaka 2017.) Bidhaa nyingine zina ushuru wa ziada, hivyo angalia yako kabla ya kuagiza.

Lakini nguvu zako ziweke kwenye mstari wa kwanza. Hifadhi risiti, hifadhi uthibitisho wa malipo wa benki au kadi, chapisha ukurasa wa bidhaa siku ile ile unayonunua. Ukibadilishiwa bei, usipige kelele. Uliza kwa adabu: "Naomba maelezo kwa maandishi ya jinsi mlivyofikia thamani hii." Nimetumia sentensi hiyo mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza nilingoja siku tisa, na bei ya risiti yangu ikakubaliwa. Mara ya pili walinieleza kwa maandishi kwamba muuzaji alikuwa amenipunguzia bei kwa sharti ambalo halikubaliki kisheria, nikasoma, nikaona wana haki, nikalipa. Siku hiyo nililipa zaidi, lakini nilirudi nyumbani nimetulia, kwa sababu nilijua ninalipia nini.

Na usijaribu ujanja wa kumwomba muuzaji aandike dola 20 kwenye kitu cha dola 200. Risiti za uongo ndizo zilizowafundisha makarani kusukuma za kweli pembeni. Mimi nililipia uongo wa wengine.

Kamera zile, kama mnataka kujua, zilifanya kazi miaka sita bila kukorofisha. Mwenye duka bado ni mteja wangu. Sijawahi kumwambia ni nani aliyelipa nusu ya ushuru wake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye kanzidata. Alamsiki.